Kuku Aliyetaka Ndevu Zangu

Kuku jike akiwika, mwanamume wa nyumba hiyo amekwisha. Si kwamba anakufa ghafla, la, hiyo ingekuwa afadhali. Anachukuliwa kidogo kidogo kama tangi linalovuja. Kwanza zinakwenda ndevu, na kadiri zinavyopungua kidevuni mwake ndivyo kishungi chekundu kinavyonenepa kichwani mwa kuku. Halafu inakwenda sauti. Mwisho inakwenda roho, na hiyo haisubiri mvua zijazo. Maneno haya niliyaamini kwa moyo wangu wote nikiwa kijana mwenye akili timamu, mwanafunzi wa shule ya jioni niliyekwisha kujua kutafuta eneo la duara. Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, nilisimama mbele ya kipande cha kioo kilichochomekwa ukutani nikakagua kidevu changu kama mzee anayekagua zizi lake. Haikuwa kazi ndefu. Ndevu zangu za mwaka ule zilikuwa chache hivi kwamba ningeweza kuzipa majina.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nilirudi Galbet, mtaa wa mji wa Garissa, kwenye taazia. Eeddo Habiba ametutoka. Eeddo ni shangazi, dada ya baba, na kwetu shangazi akikupenda anakuita kwa cheo chake mwenyewe. Mimi nilimwita eeddo, naye akaniita eeddo, na mgeni akitusikia uani angedhani tunabishana nani ni nani. Nilikaa siku kadhaa chini ya turubai la wanaume, nikapokea mikono, nikanywa chai ya kuweza kuujaza mto Tana. Watu walipoanza kupungua niliinuka nikaingia uani. Nyumba ni ile ile, ya mabati yanayolia jua likipanda, na jiko la nje lina masizi ya miaka yote niliyoishi na mengine zaidi. Karibu na mlango, pale pale nilipokiacha, kilikuwa kile kiti kifupi cha ngozi ya ngamia. Waombolezaji walikuwa wameketi juu ya mikeka, juu ya ndoo, juu ya matofali. Kiti kile hakuna aliyekigusa. Nikakitazama, nami sikukigusa.

Nilikuja kuishi katika nyumba hiyo kutoka Ijara, baada ya ukame kutuachia ngozi nyingi kuliko wanyama. Nilikuwa na kisomo cha chuo cha Kurani, miguu mirefu, na imani kwamba hakuna kiumbe mwenye miguu ambaye siwezi kumfuga. Eeddo alikuwa mjane asiye na watoto. Alinipa chumba cha mbele, kikombe kikubwa cha bati, na kiti kile cha ngozi, akasema kwa Kisomali, ambacho ndicho tulichozungumza tukiwa wawili: "Nyumba isiyo na mwanamume inapigiwa hodi na kila mwenye shida. Kaa hapo mlangoni uonekane." Basi nikawa mwanamume wa nyumba. Kazi yangu ilikuwa kuonekana mchana na kwenda shule jioni. Asubuhi tulikula anjera, chapati zetu laini za maji, iliyolowa samli na sukari, mchana wali, na jioni nilikula nikiwa nimesimama, daftari kwapani, kwa maana mwalimu wetu alikuwa akifunga mlango wa darasa kama nahodha anayeogopa maji.

Kuku hatukuwa nao. Mfugaji wa kwetu anamdharau kuku, na si kwa kiburi tu. Siku ya kuhama unafunga mikeka na vibuyu juu ya ngamia, mbuzi wanatangulia, watoto wanafuata. Kuku utamweka wapi? Mjomba wangu alikuwa akisema kwamba mwenye kufuga ndege amekubali kufungwa. Lakini jirani yetu, Mama Mwende, alitoka Mwingi, na kwake nyumba bila kuku ilikuwa kama nyumba bila mlango. Siku moja kuku wake mmoja wa kahawia, mwenye manyoya ya shingoni yanayong'aa, aliruka ua, akapita jikoni, akaingia chumbani kwa Eeddo na kutaga chini ya kitanda. Eeddo alimkuta hapo, wakatazamana. Kisha akaenda uani akaita kwa kile Kiswahili chake cha sokoni: "Mama Mwende! Kuku yako iko chini ya kitanda yangu. Nimeiambia toka, inaniangalia fibaya."

Mama Mwende akacheka ng'ambo ya ua. "Wacha atage, jirani. Kuku akichagua nyumba hafukuzwi. Mayai ni yenu, na yeye ni wenu."

Eeddo hakucheka. Kwetu mwenye kukimbilia nyumba yako na kuomba hifadhi ni amana. Humtoi, humpigi, na hakika humli. Kuku yule alikuwa amekimbilia chini ya kitanda chake, mahali pa ndani kuliko pote. "Huyu amenishika nguo," aliniambia. Akamwita Dahabo, yaani dhahabu. Tangu siku hiyo uani petu hapakuchinjwa kuku yule, na vifaranga wake walipokua na kuwa kundi, wakachinjwa au kuuzwa wao, Dahabo aliendelea kutembea miongoni mwao kama malkia mama.

Ulinzi wa kundi ukaangukia kwangu, mtaalamu. Nikawafuga kuku kama ngamia. Asubuhi niliwatoa malishoni, mimi mbele na fimbo mabegani, wao nyuma, mpaka kwenye vichaka vya mathenge, na watu wa Galbet walitoka milangoni kututazama kama msafara wa harusi. Nikawapunguzia maji. Ngamia anayenyweshwa kila siku anakuwa mvivu, hilo kila mtoto wa Ijara analijua, kwa hiyo niliamua kuku wanywe siku moja na kupumzika siku moja, wakomae. Katika joto la Garissa, joto ambalo yai ukilisahau juani unakuta limejichemsha na linauliza chumvi iko wapi! Saa nane mchana kuku wote walikuwa wamepanua mabawa, midomo wazi, wakihema kama wapiga chuma. Mama Mwende alichungulia juu ya ua, akashika kichwa.

"Dekow! Hawa kuku wamekunywa maji saa ngapi?"

"Wamekunywa jana, mama."

"Jana? Na wewe umekunywa jana?"

"Mama, kuku ni lazima azoee."

"Kuku anazoea kufa, ndiyo anazoea. Lete sufuria! Lete maji! Weka kivulini! Huyu kijana atatuua."

Siku hiyo ndipo masomo yangu halisi yalipoanza, na mwalimu wake alikuwa upande wa pili wa ua. Alinionyesha kufudikiza chungu chenye kinyesi cha ng'ombe kikavu juu ya kichuguu jioni, nikifunua asubuhi kina mchwa wa kutosha karamu. Majivu ya jikoni tuliyamwaga kwenye shimo la mchanga ili kuku waoge na kuua utitiri. Mbegu za papai kutoka mashamba ya mtoni zilikuwa za minyoo, na maganda ya mayai tuliyakausha, tukayasaga na kuyarudisha kwenye chakula. Yule aliyemeza kipande cha mfuko wa plastiki, shingo ikamvimba kama amemeza limau, tulimtia mafuta mdomoni na kumkanda kifua polepole mpaka uchafu ukalegea. Mwenye kidonda cha unyayo aliloweshwa mguu katika maji ya chumvi na kufungwa kitambaa, akatembea uani siku nyingi na soksi moja. Dawa za dukani hatukuwa nazo na hatukuzitafuta. Siku ambayo mwewe na wale korongo wakubwa wa Garissa, wanaotembea jalalani mikono nyuma kama wakaguzi wa shule, walituacha na vifaranga wote, Eeddo alisema alhamdulillahi kwa sauti ya kufika Wajir.

Kisha Dahabo akaugua. Nilimkuta pembeni ya jiko amesimama wima, mkia chini, macho amefumba, anajikaza, na hakuna kinachotoka. Kwetu mnyama akikazana hivyo anachomwa chuma cha moto. Nikaweka msumari mrefu kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, nikakusudia kumpiga chapa mbili za paja, kama nilivyoona ngamia wakitibiwa na kupona. Ilikuwa rehema tu kwamba Mama Mwende alisikia harufu ya makaa.

"Weka hicho chuma chini kabla sijakuchoma nacho wewe!" Aliingia na beseni mkononi. "Huyu ana yai limekwama. Jirani, una maji moto?"

"Iko, ya chai," Eeddo akajibu.

"Changanya na baridi. Iwe kama ya kuogesha mtoto."

Wakamketisha Dahabo ndani ya beseni, maji yakimfika tumboni. Eeddo alimshika mabawa kwa mikono miwili na kumsomea bismillahi juu ya kichwa, taratibu, kama anamlaza. Mama Mwende alipaka mafuta ya simsim pale panapohusika, akangoja. Mimi niliketi kwenye kiti changu, mwanamume wa nyumba, nikiwa na msumari unaopoa. Wanawake wale wawili waliokuwa na Kiswahili kibovu kwa namna mbili tofauti walinong'onezana mambo ya kuzaa ambayo sikupaswa kuyasikia, na niliyasikia yote. Mama Mwende alizungumza juu ya Mwende. Eeddo alizungumza juu ya mmoja ambaye hakuwahi kupewa jina. Maji yalibadilishwa mara nyingi. Mwishowe yai likatoka, laini kama ganda la ndizi mbivu na limepasuka, likafuatwa na damu kidogo. Dahabo akafumbua macho. Eeddo akamfuta kwa ncha ya shungi lake.

Akapona, akala, akanenepa. Lakini hakutaga tena. Miezi ikapita. Kishungi chake kikakua na kuwa chekundu, miguuni nyuma zikaota kucha ngumu za kupigania, akaanza kuwafukuza majogoo vijana. Sikujali. Mtihani ulikuwa unakaribia na kichwa changu kilikuwa kimejaa sehemu na asilimia. Ndipo alfajiri moja, baada ya adhana, Dahabo alipanda juu ya jiko, akanyoosha shingo, akawika. Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa kama mlango wa geti unaofunguliwa na mtu mwenye hasira. Lakini aliwika, na alikuwa anatazama mlango wangu.

Nilimweleza Gedi, mwanafunzi mwenzangu, aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni wa punda mchana na kulala juu ya dawati jioni. Gedi alishusha jerikeni.

"Waryaa, kuku jike? Na mwanamume nyumbani ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe peke yako?"

"Peke yangu."

Akaniangalia kidevu. "Ndevu zako zilikuwa ngapi?" Halafu akanieleza yote, ndevu, sauti, roho, akimtaja mtu fulani wa Dagahaley ambaye kuku wake aliwika na sasa hata kaburi lake halionekani. Alieleza kwa upole sana, kama daktari. Ulikuwa mwaka ambao kila mtu aliyezungumza kwa upole nilimwamini. Wiki hiyo nilishikwa na mafua, sauti ikakauka, na hapo nikajua hatua ya pili imefika.

Nilimwomba Eeddo amchinje Dahabo. Alikuwa anageuza anjera. Hakuinua kichwa.

"Aliyenishika nguo simtoi."

"Eeddo, ni yeye au mimi."

"Mashekhe wamesema hakuna bahati mbaya katika ndege."

"Mashekhe hawaishi nyumba hii."

Aliigeuza anjera ile mpaka ikaungua, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Asubuhi iliyofuata nilifunga nguo zangu ndani ya shuka. Mtihani ulikuwa umebakiza siku za kuhesabika kwa vidole, na mimi nilikuwa narudi Ijara kutafuta ngamia wa mtu nimchungie, mahali ambapo hakuna kitu kinachowika. Daftari nililiacha juu ya kitanda. Nilipotoka, Eeddo alikuwa mlangoni ameketi kwenye kiti changu. Mkononi alikuwa na kikombe changu cha bati. Mama Mwende alikuwa amesimama upande mmoja na kanga begani, na upande wa pili Gedi na punda wake, ambaye naye alionekana ameitwa kushuhudia.

Eeddo akasema kwa Kiswahili, ili wote waelewe. "Mama Mwende, wewe shahidi. Gedi, wewe bia shahidi. Tangu leo mwanaume ya nyumba hii ni mimi. Kiti ni yangu. Kikombe ni yangu. Huyu ni mtoto ya shule tu, amepanga chumba. Kuku ikitaka mtu, ije kwangu."

Gedi akakohoa. "Na ndevu je, Eeddo?"

Eeddo akashika kidevu chake, akakipapasa kwa umakini. "Kwa umri yangu ziko tatu. Ichukue."

Mama Mwende alicheka mpaka akashika ukuta. Hata punda alicheka, wallahi. Mimi sikucheka. Nilimwona akinywa chai kwenye kikombe changu kwa mafundo makubwa ya kiume, magoti ameyapanua, na Dahabo akapita akatulia miguuni pake, nikaelewa kwamba shangazi yangu amesimama kati yangu na kitu fulani. Nilirudi ndani nikafungua shuka. Jioni nilikwenda shule. Mtihani niliufanya, nikapita, na cheti changu kilining'inia katika chumba kile mpaka mchwa walipokula fremu wakaacha karatasi kwa heshima.

Eeddo hakurudisha kiti. Hata nilipoota ndevu za kutosha kufunika tai, hata nilipooa, nilipokuja kumsalimu nilikaa mkekani naye akakaa kitini. Dahabo aliwika kila alfajiri kwa miaka, akatuamsha kuswali vizuri kuliko saa yoyote, akafa kwa uzee jikoni penye joto. Ningepaswa kuona hapo kwamba hesabu haikubaliani, maana mvua zilikuja na kupita, na Eeddo alikuwa hai anapika anjera. Lakini imani kama ile haifi. Inahamia chumba cha ndani. Kila Eeddo alipougua, kila nilipopokea simu kutoka Galbet, kitu ndani yangu kilisema: sasa kimemfikia, na kilikuwa changu.

Ndivyo nilivyokuwa nimesimama mwezi uliopita, mzee wa ndevu za hina, mbele ya kiti kitupu. Mama Mwende alikuwa kando ya jiko anaosha vikombe. Amekonda, mgongo umepinda, lakini alikuwa amekuja kutoka Mwingi siku ile ile aliyopata habari, na alikuwa ameosha vikombe vya watu wote tangu hapo.

"Mbona umesimama, hukai?" aliniuliza.

"Mama, siwezi kukaa hapo."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na sauti yangu ikaharibika katikati, kwamba siku ile Eeddo alichukua kiti na kikombe na kile kilichokuwa kinanijia, na kwamba kwa miaka yote hii nimeishi juu ya mkopo wa roho yake, na sasa umelipwa. Mama Mwende alisikiliza bila kuacha kuosha. Kikombe cha mwisho kilikuwa kile kikubwa cha bati. Akakikung'uta maji.

"Siku ile kuku alipowika, mimi nilimweleza Eeddo wako sababu yake," alisema. "Alijua kabla yako."

"Alijua? Mbona hakuniambia?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, huyu kijana anaogopa mtihani, si kuku. Nikimwondolea hofu hii atatafuta nyingine, na hiyo nyingine pengine siiwezi. Hii naiweza."

Alikijaza kikombe chai kutoka kwenye birika, akakiweka mkononi mwangu, akanisukuma bega kwa kiganja chake chenye maji mpaka nikaketi kitini.

"Dekow, lile yai lililokwama lilimharibu kizazi. Kuku jike akiharibika kizazi anaota kishungi na anawika. Ni ugonjwa tu. Na Eeddo wako amekufa kwa sababu alikuwa mzee. Kunywa, inapoa."